Siku ya Tatu, Mpe Jembe

Maneno haya yalisemwa mjini Beni, Kivu ya Kaskazini, katika kikao cha familia za wahami wa vita, familia zinazowapokea, wakubwa wa mitaa na wajumbe wa shirika la raia. Msemaji ni mhudumu wa shirika la mahali linaloshirikiana nasi katika kazi ya kujenga amani. Tunayachapa hapa kwa sababu swali alilojibu linaulizwa pia katika maeneo mengine tunakofanya kazi.

Asanteni kwa kuacha kazi zenu asubuhi hii. Najua kuna mama hapa ambaye kila saa anayokaa kwenye kiti ni beseni la ndizi ambalo halijauzwa. Kwa hiyo sitazunguka sana.

Nimeombwa kusema juu ya watu wanaotoka gerezani na kurudi kwetu. Ni kamati yenyewe iliyoleta jambo hili. Katika kikao kilichopita mzee mmoja aliuliza: "Sisi wenyewe hatuna kwetu, tunalala kwa watu. Huyu anayetoka gerezani tutampokea wapi? Na kwa nini tumpokee?" Ni maswali mawili, na yote mawili ni ya haki.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunaitumia methali hii kumcheka mgeni mvivu. Lakini iangalieni vizuri. Siku unayompa mgeni jembe ndiyo siku anayoacha kuwa mgeni. Kabla ya hapo unamhurumia au unamwogopa. Baada ya hapo unamngojea shambani, na asipokuja unauliza yuko wapi. Neno langu lote la leo ni hilo: mtu aliyetoka gerezani hapati tena maisha yake kwa kusamehewa peke yake, wala kwa kupewa chakula peke yake. Anayapata siku ambapo kuna kazi ambayo, asipoifanya yeye, watu watakosa kitu.

NANI ANAYERUDI?

Kwanza tutenganishe watu. Tunasema "mfungwa" kama vile wote ni wa aina moja, na hapo ndipo tunapoanza kukosea.

Kuna yule aliyehukumiwa, akakaa siku zake, akamaliza. Deni lake kwa sheria limelipwa. Pamoja naye kuna aliyeachiliwa kwa masharti. Sheria yetu ya makosa ya jinai inaruhusu mfungwa aliyemaliza robo ya kifungo chake, ikiwa amekwisha kukaa ndani zaidi ya miezi 3, aweze kuachiliwa kwa masharti. Huyo hakutoroka wala hakununua mlango. Ametoka kwa sheria, na ana masharti ya kushika.

Kuna yule ambaye hakuhukumiwa kamwe. Katika magereza ya nchi yetu hao ndio walio wengi: watu wanaongojea kusikilizwa. Katiba ya mwaka 2006 inasema kwamba polisi hawawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48 bila kumwachilia au kumpeleka mbele ya sheria, na kwamba kila mtuhumiwa ni mtu asiye na hatia mpaka hukumu itakapotolewa. Lakini tunajua namna mambo yanavyokwenda. Dosiye inapotea. Shahidi amekimbia vita, hapatikani. Na tangu hali ya kuzingirwa ilipoanza tarehe 6 Mei 2021, kesi za jinai za raia wa Kivu ya Kaskazini na Ituri zilipelekwa kwenye mahakama za kijeshi, na foleni ikawa ndefu. Mtu anakaa mwaka, miaka miwili, halafu siku moja anaambiwa: nenda. Haambiwi kwamba alikuwa na kosa, wala haambiwi kwamba hakuwa nalo.

Kuna yule ambaye mahakama ilisema wazi: hana kosa. Huyo naye tunamwita mfungwa. Tunamwita hivyo mpaka watoto wake wanaitwa hivyo shuleni.

Na kuna wale ambao hakuna aliyewaachilia. Mji huu unawajua. Tarehe 11 Juni 2017 gereza la Kangbayi lilishambuliwa, na wafungwa zaidi ya 900 wakatoka. Tarehe 20 Oktoba 2020 likashambuliwa tena, na zaidi ya 1,300 wakatoka usiku mmoja. Wengine walirudi wenyewe. Wengine walikwenda msituni. Wengine wamejificha, na pengine mama zao wako mahali hapa. Mtu wa namna hiyo tusimdanganye. Kukimbia hakufuti dosiye. Kila kizuizi cha barabarani kitakuwa kaburi la usingizi wake. Ushauri wetu ni mmoja tu: atafute kwanza avoka, au ofisi ya msaada wa sheria, au kiongozi wa dini anayemwamini, kisha aende pamoja naye mbele ya wakuu wa sheria. Asiende peke yake, wala asipelekwe na kundi la vijana wenye fimbo.

Watu hawa wanne hawana historia moja. Kabla ya kumwogopa mtu, au kabla ya kumtetea, uliza kwanza: huyu ni nani kati ya wanne? Ana karatasi gani? Karatasi ya kuachiliwa ni kitu kikubwa kuliko mnavyodhani. Anayeipata aitunze kama kadi ya uchaguzi, atoe nakala mbili, moja aiache kwa mtu anayeaminika. Na mkiombwa pesa kwa ajili yake, ombeni risiti. Pesa ambayo serikali inadai kwa haki ina risiti. Isiyo na risiti, ulizeni jina lake.

NYUMBA IMEKIMBIA

Katika vitabu vya masomo tulivyosoma chuoni, mtu akitoka gerezani anarudi nyumbani. Waandishi wa vitabu vile hawakufikiri kwamba nyumba yenyewe inaweza kukimbia.

Hapa kwetu ndivyo ilivyo. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika eneo hili, kijiji kizima kinaweza kuhama kwa usiku mmoja. Mtu aliingia gerezani wakati mke wake yuko Mbau, wazazi wako Eringeti, na shamba la kakao linazaa. Akitoka, Mbau hakuna mtu wake, Eringeti hakuna mtu wake, na kakao anavuna mwingine au msitu umeimeza. Anasimama nje ya mlango wa gereza na mfuko wa plastiki mkononi, hajui aelekee kulia au kushoto.

Nawaambia jambo tuliloliona katika kazi yetu. Saa zile za kwanza ni za hatari kuliko mwezi mzima unaofuata. Kuna watu wanaojua kumngojea mtu asiye na mahali pa kwenda. Hawamuulizi alifanya nini. Wanamnunulia chakula, wanampa mahali pa kulala, wanamwita ndugu. Baada ya wiki moja anapewa silaha. Ninyi mnaoniuliza "kwa nini tumpokee," jibu la kwanza ni hili: kama hatumpokei sisi, kuna anayempokea. Na siku atakaporudi kutoka huko, hatarudi na mfuko wa plastiki.

Sasa tufanye nini? Mambo manne, na hayahitaji mfadhili.

La kwanza, kila kamati ya wahami iwe na daftari la ndugu walio gerezani. Jina, gereza, siku aliyoingia, na simu ya mtu wa familia. Familia ikihama tena, daftari linaandika imehamia wapi. Daftari hilo likae kwa watu wawili, lisisomwe hadharani, kwa sababu lina aibu za watu ndani yake.

La pili, tusimwache mtu peke yake wakati yuko ndani. Mnajua chakula cha magereza yetu. Mfungwa ambaye familia haimletei kitu anakufa polepole. Kama familia iko mbali, wamama wa kanisa au wa msikiti wanaweza kupokezana. Sahani ya maharagi inayopelekwa mara moja kwa wiki inamwambia mtu kwamba jina lake bado linatajwa mahali fulani.

La tatu, siku ya kutoka, mtu mmoja aende kumchukua. Mmoja tu anatosha, lakini awe na mamlaka: mzee, katekista, mkubwa wa nyumba kumi. Ampitishe kwa mkubwa wa mtaa siku ile ile, wajuane, ili asionekane kama mwizi aliyeingia usiku.

La nne, apelekwe kwenye kituo cha afya kabla ya kulala katika chumba kimoja na watoto. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Ndani watu wanabanana, hewa ni kidogo, na kifua kikuu kinapenda mahali pa namna hiyo. Ni ugonjwa unaopona. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya afya, na tiba ya kawaida ni miezi 6. Asiache katikati kwa sababu tu kikohozi kimepungua.

MKE, WATOTO, NA KITI CHA BABA

Hapa naomba wamama wanivumilie, kwa sababu nitasema mambo ya ndani.

Baba akiwa gerezani, mama anakuwa baba. Ni yeye aliyekimbia na watoto mgongoni. Ni yeye aliyeomba mahali pa kulala kwa wageni. Kadi ya msaada imeandikwa jina lake. Amejifunza kuuza, kukopa, kulipa, na kukatalia watu. Mume anarudi baada ya miaka mitatu, anataka kiti chake. Anakuta kiti kina mtu.

Tumeona nyumba nyingi zikivunjika hapo, na si kwa sababu ya gereza. Zinavunjika kwa sababu ya haraka. Mwanaume alikuwa anaamrishwa kila siku na kapita wa chumba: lala hapa, simama pale, leta maji. Akirudi, anataka yeye sasa aamrishe. Mke naye amezoea kuamua. Watoto wanamtazama kama mgeni, na aliye mdogo kabisa anamwita "papa yule."

Kuna mwanaume mmoja tuliyemfuata kwa karibu, jina lake silitaji. Wiki ya kwanza alikuwa analala karibu na mlango, viatu chini ya kichwa. Alikula upesi upesi, bila kusema. Mke wake alidhani ana roho mbaya. Mjomba wake mmoja, aliyepata kukaa ndani zamani, alimwambia yule mama: "Hana roho mbaya. Ndani, asiyekula upesi halali amekula, na viatu visivyo chini ya kichwa havionekani asubuhi. Mwache, mwili wake bado haujatoka." Baada ya wiki chache mwili nao ulitoka.

Kwa wanaume wanaorudi nasema: usidai kiti. Anza na kazi ambayo hakuna anayegombania. Chota maji. Tengeneza turubai linalovuja. Msindikize mtoto shuleni kila asubuhi, hata kama yeye anatembea mbele yako kwa haya. Kiti cha baba kitakuja chenyewe, na kitakapokuja kitakuwa imara kuliko kile cha zamani.

Na pale ambapo mke aliolewa na mwingine, au alipata mtoto katika miaka ile, msikimbilie panga wala matusi. Iteni wazee wa pande zote mbili. Mtoto hakuhukumiwa na mahakama yoyote.

Tusisahau wanawake waliofungwa. Ni wachache kuliko wanaume, lakini mzigo wao wa aibu ni mkubwa zaidi. Mwanaume akifungwa, mke wake anampelekea chakula. Mwanamke akifungwa, mara nyingi hakuna anayekuja. Wengine wanaingia na mtoto wa kunyonya, na mtoto anajifunza kutembea ndani ya kuta. Mama wa namna hiyo akirudi, nawaomba wamama wenzake wamwite kwenye likelemba, hata kama mchango wake wa kwanza ni wa franka kidogo sana. Kumwita kwenye likelemba ni kumwambia kwamba tunaamini atakuwepo mwezi ujao.

JEMBE NI NINI KWA MTU ASIYE NA SHAMBA?

Mtaniuliza: jembe gani, wakati sisi wenyewe mashamba tumeyaacha nyuma?

Jembe, katika methali ile, ni kazi ambayo watu wanaingojea. Si lazima iwe kazi ya mshahara. Tazameni wenyewe kazi zilizo hapa ambazo hazina mwenyewe. Nani anasimamia foleni ya maji saa 11 asubuhi, wakati wasichana wanapigania ndoo? Nani anazibua mfereji kabla ya mvua? Nani anamwandikia barua bibi asiyejua kusoma? Nani anafundisha watoto ambao shule yao imejaa wahami au imefungwa? Nani anamsindikiza mgonjwa hospitali usiku?

Ndani ya gereza watu wanajifunza vitu, hata bila mwalimu. Kuna anayetoka akiwa kinyozi. Kuna aliyejifunza kushona. Kuna aliyekuwa anaandika barua za chumba kizima. Kuna aliyekuwa kapita, akajua kutuliza ugomvi wa watu mia moja wenye njaa. Muulizeni: "Ndani ulikuwa unafanya nini?" Tumezoea kumuuliza mtu aliharibu nini. Tumuulize pia anajua nini.

Natoa mfano mmoja mnaoujua wote, ingawa sehemu hii ya habari yake haisemwi sana. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani. Mwaka 1956 alikamatwa kwa shitaka la kuchukua pesa za posta, akahukumiwa, akafungwa. Alipotoka mwaka 1957 alikwenda Léopoldville, akapata kazi katika kampuni ya bia. Kazi yake ilikuwa kuitangaza bia na kuiuza mitaani. Oktoba 1958 alikuwa kati ya walioanzisha chama cha MNC. Mwisho wa 1959 alifungwa tena, safari hii kwa siasa, na Januari 1960 akatolewa ili aende Brussels kwenye mkutano wa Meza ya Duara. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, alikuwa Waziri Mkuu.

Sisemi kila anayetoka gerezani ni Lumumba. Nasema hivi: kati ya gereza la Stanleyville na siku ile ya uhuru kulikuwa na kreti za bia. Kulikuwa na mtu aliyemtazama kijana aliyefungwa kwa ajili ya pesa, akamwambia: njoo ufanye kazi kwangu. Mtu huyo hakujua anamwajiri nani. Sisi pia hatujui.

Lakini tufanye kwa akili. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, ndiyo, ila mhunzi aliyevunja koleo haanzi tena kwa kutengeneza bunduki ya mfalme. Mtu aliyefungwa kwa wizi, msimpe sanduku la pesa la kamati mwezi wa kwanza, mkamwekea mtego halafu mkasema "tulijua." Mpeni kazi inayoonekana na watu, yenye mwanzo na mwisho. Akimaliza, mpeni nyingine kubwa kidogo. Imani inajengwa kama nyumba ya matofali, tofali moja juu ya jingine, na hakuna anayepaka rangi kabla ya ukuta kukauka.

ALIYEKOSEWA NAYE ANA HAKI

Sasa nageuka upande wa pili, kwa sababu najua kuna watu hapa ambao wakati wote nikisema wamekuwa kimya, na ukimya wao si wa kukubali.

Baba yako aliuawa. Mbuzi wako waliibwa na mtoto akakosa shule. Leo mtu anasimama hapa na kusema "tumpokee." Una haki ya kuuliza: na mimi nani ananipokea?

Kumpokea mtu si kumlazimisha aliyekosewa asamehe. Msamaha hauchukuliwi kwa amri ya kamati, wala hauna tarehe. Kinachoweza kuombwa kwa kila mtu ni kidogo zaidi: kwamba asilipize kisasi, asimtukane mtoto, asichome nyumba. Hayo yanatosha kwa mwanzo.

Na anayerudi ana deni la ukweli. Kama alitenda, aseme alitenda, mbele ya wazee na mbele ya yule aliyekosewa kama yule anakubali kukaa naye. Asiseme "shetani alinipitia" halafu akanyamaza. Aseme alichofanya, na aseme anaweza kurudisha nini. Hata kama ni siku kumi za kazi kwenye shamba la kukodi la mjane, ni kitu. Tumeona mjane aliyekataa kumsalimia mtu kwa mwaka mzima, lakini alikubali kuni zake kila Jumamosi. Hawakuwa marafiki. Lakini walikuwa wanaishi.

Kuna mambo ambayo baraza la wazee halina ruhusa ya kuyamaliza. Ubakaji hauishii kwa mbuzi wala kwa kreti ya bia. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinayataka makosa hayo yapelekwe mahakamani, na mzee anayeyamaliza chini ya mti anamfunga yule msichana kifungo ambacho hakina siku ya kutoka.

KWA VIONGOZI WETU

Waheshimiwa, nina maombi matatu kwenu.

Ombi la kwanza ni juu ya tairi. Mnajua ninachosema. Neno moja tu, "huyu alikuwa pamoja na wale wa msituni," na vijana wanaleta petroli. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tumeumwa mara nyingi. Hofu yetu ina sababu. Lakini mtu aliyechomwa hawezi kujibu swali, na kama alikuwa na habari za kweli, zimechomeka pamoja naye. Mkubwa wa mtaa akijua mapema nani amerudi, kwa karatasi gani, anaweza kusimama mbele ya vijana na kusema: huyu namjua. Maneno hayo mawili yanaweza kuokoa mtu. Na kama kuna shaka ya kweli, iende kwa wenye kazi ya upelelezi, siyo barabarani.

Ombi la pili ni juu ya familia. Katiba yetu inasema kwamba kosa la jinai ni la mtu mmoja mmoja, na hakuna anayeweza kukamatwa kwa tendo la mwingine. Mama asiondolewe kwenye orodha ya msaada kwa sababu ya mtoto wake. Mke asifukuzwe kwenye nyumba aliyopewa kwa sababu ya mume wake. Mkifanya hivyo, mnawaambia watoto wale kwamba kwao hakuna tofauti kati ya kutenda na kutotenda. Watoto wanasikia.

Ombi la tatu: kila salongo, kila kamati ya maji, kila kazi ya kulipwa kwa siku inayokuja kwa mashirika, muweke nafasi chache kwa watu hawa. Nafasi chache, na kwa wazi, ili wenye kukosa wasiseme kwamba wabaya ndio wanaopewa. Aliyevumilia njaa bila kuiba asije akaona kwamba njia ya kupata kazi ni kupitia gerezani. Kama nafasi ni kumi, mbili zinatosha.

KWA NINYI MLIOTOKA

Mwisho nawageukia ninyi ambao mko hapa, na wengine wenu mmekaa nyuma karibu na mlango.

Ndugu zangu, watu hawatawaamini upesi. Mtapita na mazungumzo yatakatika. Kuku akipotea, macho yatawatazama ninyi. Inauma, hasa kwa yule ambaye hakufanya kosa tangu mwanzo. Siwezi kuwaambia kwamba itaisha kesho. Naweza kuwaambia tuliyoyaona: wanaoshinda ni wale wanaokuwa mahali pamoja, saa ile ile, kila siku. Yule aliyesema atafungua bomba la maji saa 11, na saa 11 yuko pale, mvua au jua. Baada ya miezi michache watu wanaacha kusema "mfungwa yule." Wanasema "yule wa maji." Jina linabadilika hivyo. Hakuna karatasi inayolibadilisha.

Msinywe pamoja na waliowapeleka ndani. Msikope kwa ajili ya kuonyesha kwamba hamkushindwa. Kama usiku hamlali, kama mnaona mambo ya ndani mkiwa macho, msiseme ni urogi na msifiche. Semeni na mtu mmoja, muuguzi au mchungaji au imamu au mhudumu wetu wa kusikiliza. Na kama mna dosiye isiyomalizika, tusaidiane kuimaliza, kwa sababu mtu hawezi kupanda mti huku anatazama barabara.

Kamati imeniambia kuna kazi tano ambazo mpaka leo hazina mwenyewe: bomba la upande wa chini, mfereji wa nyuma ya shule, daftari la wagonjwa, useremala wa madawati yaliyovunjika, na masomo ya kusoma na kuandika kwa wamama jioni. Zimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pale ukutani. Kabla hatujatoka, naomba wajumbe wasimame karibu nayo, na kila mwenye kutaka aandike jina lake mbele ya kazi moja. Haulizwi ametoka wapi. Anaulizwa ataanza siku gani.

Sasa maswali.